Waya Usiofika kwenye Pazia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka. Siku nyingine za ujana wangu zimechujuka kama leso inayofuliwa kila wiki, lakini hiyo ingali na rangi zake. Na wewe, ingawa sikukuzaa mimi, umeikoroga tena ulipokuja kuniuliza, "Mama, nataka maikrofoni na stendi ya kompyuta yangu ya nyumbani, pesa yenyewe ni kidogo, ninunue gani?" Ulidhani umeuliza jambo dogo. Kaa. Nitakujibu, ila nitaanzia mbali, maana mwenye kovu usidhani kapoa.

Mimi shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole. Kompyuta niliiona mara ya kwanza nyumbani kwangu mwenyewe, hapa Voi, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Mume wangu Mwamburi, na jina lake nalitaja bila kumung'unya, aliipata kwenye ofisi moja iliyokuwa inafungwa. Akawa anawapigia watu barua na ratiba za mazishi. Aliiweka sebuleni kwenye meza ya peke yake, akaifunika kitambaa cha kufumwa ambacho nilikifuma mimi kwa ajili ya kiti. Wanawake wa ploti yetu ya kupanga walikuwa wakija kuichungulia kama bibi harusi. Mimi niliruhusiwa kuipangusa vumbi kwa nje. Zaidi ya hapo nilikuwa na neno moja tu kutoka kwa Mwamburi: usiguse. Ukipita karibu, usiguse. Ukifagia chini ya meza, usiguse. Nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limetangulia, na hata tumbo liliambiwa lisiguse.

Sasa mama yangu alikuwa Kasigau, chini ya mlima. Kule ndovu wakishuka kwenye mahindi watu hupiga madebe na kuwasha moto. Mama hakuhitaji debe. Alikuwa na sauti, mwanangu, ambayo majirani walisema ndovu wanaifahamu kwa jina. Akisimama kwenye mpaka wa shamba na kuita, mnyama mzima anageuka. Ndugu zangu wote walikwisha kufa kwa yale magonjwa ya miaka ile, nikabaki mimi. Jioni alipokuwa akiniita nirudi nyumbani nilipokuwa mdogo, nilisikia niko ng'ambo ya bonde. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ukoo wangu wote.

Basi ukamwingia ugonjwa kooni. Ulianza kama mafua, ukawa kukwaruza, ukawa kumeza kwa shida. Hospitali ya Mombasa wakamwambia: ama wakate, ama afe. Na wakikata, sauti haitabaki.

Mama hakulia. Alinitumia neno kwa mtu wa lori, na alipokuja Voi akarudia mwenyewe kwa ule mkwaruzo wake: "Mghoi, huyo mtoto aliye tumboni nataka nimbariki kwa mdomo wangu, na mdomo unanyang'anywa kabla hajazaliwa. Mume wako si ana mashine inayoshika sauti? Basi ishike."

Ngoja nikueleze, maana ninyi wa siku hizi hamjui. Kwetu baraka ya mzee haiandikwi. Mzee anachukua maji kinywani, anayapuliza *pfuu*, anasema neno, anapuliza tena, anasema tena. Tunaita kutasa. Mama alikuwa mtu wa kanisa, kila Jumapili yuko kwenye benchi la mbele, lakini kutasa hakuacha. Alisema Mungu ndiye aliyeumba maji na ndiye aliyeumba mdomo.

Na jambo la pili: mkwe. Mama mkwe na mkwe wake hawakai pamoja, hawatazamani. Mama akija kwangu aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa jikoni. Kati ya jikoni na sebule palikuwa na pazia. Mwamburi akikohoa huku, mama anashusha leso usoni kule. Hapo hapakuwa na ugomvi, ni heshima, na mpaka leo naiheshimu.

Sasa niambie, mwanangu. Mashine iko sebuleni, mwenye sauti yuko jikoni. Ni kitu gani cha kununua?

Nilikwenda kwa Bi Rukia. Huyu alikuwa mama wa Kiislamu, watu wao walitoka pwani zamani wakati wa reli, na alikuwa akikodisha vyombo vya harusi: masufuria, mikeka, vipaza sauti. Nilimkuta amekaa kwenye sufuria iliyopinduliwa, anachambua mchele.

"Bi Rukia, shikamoo. Nataka maiki ya kompyuta."

"Marahaba. Ya kompyuta! Leo Mghoi kawa Mzungu." Akacheka, akatema punje. "Haya, kabla hujaniuliza bei nikuulize mimi. Huyo msemaji atakaa wapi?"

Nikamwambia jikoni, nyuma ya pazia, na kwamba atakuwa na maji kinywani.

"Basi huna haja ya kwenda mbali. Harusi zetu wanawake hukaa wapi? Nyuma ya pazia. Na waimbaji wanatema mate kuliko huyo mamako." Akaingia ndani, akatoka na maiki nyeusi iliyobonyea kichwani, imevishwa kisoksi cha sponji, na waya mrefu umezungushwa kama kamba ya ng'ombe. Stendi yake ya chuma, rangi imebambuka, mguu wake mzito wa duara kama kifuniko cha shimo. Akaipiga teke. Haikutikisika. "Ona. Hii mtoto akiikimbilia, anaanguka mtoto. Fundi redio pale nje atakubadilishia plagi iingie kwenye tundu la kompyuta. Bei tutaelewana, mwanangu. Mama ni mama."

Nilirudi nyumbani nikiruka. Nikamkuta Mwamburi na mdogo wake Nyambu. Huyo Nyambu nilimchukia wakati ule na sijapata sababu ya kuacha. Alikuwa amefanya kazi muda mfupi kwenye duka la vitu vya umeme Mombasa, akawa profesa wetu.

Nikaeleza. Nyambu akaangua kicheko. "Shemeji! Hiyo ni maiki ya taarabu. Unataka kompyuta ianze kukata mauno?"

Mwamburi akasema, "Kompyuta ina maiki yake ya kompyuta. Mambo ya masufuria waachie wenye masufuria."

"Lakini mama atakaa jikoni," nikasema.

"Maiki ya kisasa inavuta sauti," Nyambu akasema. "Hata mtu akiwa kule mlimani Ndara, inavuta."

Pesa haikutosha. Nyambu akatazama kabatini, akaona redio yetu ya kaseti, ile ambayo ingeweza kunasa sauti bila kelele yoyote. Niliwaambia hivyo. Mwamburi akasema kaseti hulegea kwa joto la Voi, lakini kompyuta haisahau. Waswahili walisema bura yangu sibadili na rehani. Hao wawili waliibadili. Nyambu akaondoka na redio yetu kwenda Mombasa, akarudi na kijiboksi.

Ndani ya kijiboksi mlikuwa na kitu kizuri, siwezi kusema uongo. Cheupe, kina shingo ya kupindapinda, na kijitaa chekundu. Mguu wake ulikuwa wa plastiki, mwepesi kama kifuniko cha birika. Na waya wake, mwanangu, ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi. Ulitoka nyuma ya kompyuta ukafika ukingoni mwa meza, basi. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi, walisema wahenga, na hicho hakikungoja hata maji.

Ikafika siku yenyewe. Mama alikuwa aende Mombasa mchana huohuo, kitanda kimekwisha shikwa. Tangu alfajiri hakusema neno. Nilimpa uji, akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kama amelala vizuri, akaniwekea kidole mdomoni. Alikuwa anaikusanya sauti. Kama mtu anayechota maji ya mwisho kwenye mtungi, anainamisha pole pole yasimwagike.

Mimi nikasimama katikati, mguu mmoja jikoni, mmoja sebuleni. Nikamwambia Mwamburi, "Sogeza meza."

"Soketi ni moja. Ikichomoka kila kitu kinapotea."

"Basi nionyeshe kitufe cha kubonyeza. Wewe toka nje, mama aje akae hapa mezani."

Alinitazama kama nimemwomba anikabidhi gari. "Wewe? Darasa gani ulifika?" Nyambu, mlangoni, akakohoa kicheko, akadakia, "Na huyo na maji yake! Atapuliza maji kwenye mashine? Aseme huko huko aliko. Inavuta."

Kitufe kimoja, mwanangu. Baadaye nilijifunza mwenyewe, na kukibonyeza ni kazi ndogo kuliko kuwasha jiko la makaa.

Mama alisikia yote nyuma ya pazia. Hakuweza kunitetea, maana sauti alikuwa ameipima. Akachukua maji kwenye bakuli. Mwamburi akasema, "Haya, imeanza." Kijitaa kikawaka.

*Pfuu.* Na mama akaanza.

Sauti ilikuwa imechanika, lakini ilikuwa ni yeye. Nikaitazama ile maiki nyeupe imekaa mezani imeelekezwa usoni kwa Mwamburi, imegusana na kompyuta inayonguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, na nikajua. Mtu hahitaji shule kujua hilo. Nikanyoosha mkono niichukue nisogee nayo kuelekea pazia hata hatua moja. Mwamburi akanipiga mkono.

"Usiguse!"

Mama akaendelea mpaka mwisho. Gari lilikuja, akanishika tumbo kwa viganja viwili, akapanda.

Jioni ile Mwamburi akaifungulia. Tukasikia *nguuu* ya mashine. Tukasikia kiti chake kinalia. Kwa mbali sana, kama mtu aliye ndani ya kisima, kitu kikanong'ona na kukatika. Halafu, wazi kabisa, kubwa, kila herufi mahali pake: "Usiguse!" Halafu kisima tena.

Nyambu akasema, "Si imeshika? Ongeza volyumu." Wakaongeza. Ikaongezeka nguuu.

Mama alirudi Kasigau akiwa na tundu kooni na kitambaa shingoni. Aliishi mpaka akamshika mjukuu, akampulizia maji pasipo neno. Msimu wa mahindi ndovu walishuka. Nilikuwa nimekwenda kumtazama. Alisimama palepale mpakani, akafungua mdomo, ukatoka upepo tu. Ndovu hawakugeuka. Akarudi nyumbani akachukua debe. Sijawahi kuona mtu akipiga debe vile, mwanangu, na sitaki kuona tena. Hakumaliza mwaka uliofuata.

Mwamburi aliondoka na kompyuta yake, akaenda kuishi na mwanamke mwingine Mwatate. Nyambu ana duka, ananipungia mkono njiani, nami natazama upande wa pili. Binti yangu yuko Uarabuni, anafanya kazi kwenye nyumba za watu. Huwa ananiuliza kwa simu, akipata simu, "Mama, bibi alikuwa na sauti gani?" Ninayo ile rekodi, kijana mmoja alinitolea kwenye disketi aliyoiacha Mwamburi, akaniwekea kwenye simu. Sijamsikilizisha. Nimsikilizishe nini, sauti ya baba yake?

Stendi ile ya chuma niliinunua kwa Bi Rukia kabla hajafa. Nilikuwa nimechelewa, lakini niliinunua. Ndiyo hiyo unayoiona kwenye kona, ndiyo inayonilisha, naikodisha harusi na matanga. Ikiwa haina kazi husimama pale kama mgeni aliyekataa kiti. Kuna siku hatusemi na mtu yeyote, mimi na yeye.

Sasa sikiliza jibu lako.

Usianze na bei, na usianze na rangi. Anza na mtu. Atakayesema ni nani, atakaa wapi, ana sauti ya namna gani? Ukijua hilo, nusu ya duka umeshaifunga. Maiki iende kwa mdomo, usingoje sauti isafiri kwenda kwa maiki. Muuzaji akikuambia "inavuta", jua anavuta mfuko wako. Ukiwa na pesa kidogo, iache ile yenye mataa, tafuta kavu isiyo na mapambo, hata ikiwa imebonyea, inayosikia cha karibu na kupuuza cha mbali, maana nyumba zetu ni za mabati na jirani ana kuku. Omba uijaribu kwa sauti yako hapohapo dukani, uisikilize masikioni, na mtu akikataa, toka. Angalia plagi kama inaingia kwenye tundu lako. Waya usiupunje, mrefu utaukunja, mfupi hutaurefusha.

Stendi nayo usiidharau. Kanuni yangu ni ya Bi Rukia: ipige teke. Uzito uwe miguuni. Isimame chini, peke yake, mbali na meza ya kompyuta, isije ikabeba mngurumo na kila goti linalogonga meza. Ivishe sponji, hata ukate godoro kuukuu. Pumzi za watu zina maji. Ya mtumba si aibu. Na hata kama unayo redio kuukuu inayonasa vizuri, usiiuze kwa sababu ya kitu ambacho hujakisikia.

Na hili nalikuachia la mwisho kwa sababu ndilo zito: yeyote anayeishi kwenye nyumba hiyo, mfundishe kitufe. Mkeo, mamako, mfanyakazi. Mashine ambayo ni mtu mmoja tu anaruhusiwa kuigusa, siku moja itamnasa yeye peke yake. Halafu kawanase wazee wako sauti, leo, usingoje mpaka uwe na kiti kizuri cha kukalia.

Sogea karibu, usiogope maji. Maneno ya mama ninayo yote. Sauti ndiyo sina. Alimwambia mjukuu wake hivi, nami nakuambia wewe, maana nimekaa nayo muda mrefu bila wa kumpa.

*Pfuu.* Shamba lako lipate mvua yake. *Pfuu.* Ndovu akupitie mbali. *Pfuu.* Na ukiita, mwanangu, popote utakapokuwa, ukiita, uitikiwe.