Van Iliyokataa Kutoka Mutuini

Dereva alinipigia simu akinong'ona kama mtu ameibiwa suruali akioga. "Fundi, kuja Mutuini haraka. Jeneza iko ndani na gari imekataa."

Nilikuta van imesimama kwa ploti ya marehemu, jeneza nyuma, basi ya waombolezaji ikingojea. Mjane alikuwa kwa kiti ya mbele, amekumbatia picha ya bwana yake. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa anazunguka gari akiipiga na kiganja.

"Kwetu magharibi, gari ya maiti haikatai bure," akaniambia. "Ndugu yangu hataki kurudi nyumbani na huyu mwanamke. Kuna kitu huyu mwanamke alimfanyia."

"Mzee, marehemu hata ufunguo hana."

Hakuna mtu alicheka.

Dereva akageuza ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka poa, lakini stata ya kuwasha injini haikulia hata tik. Kwa van kama hiyo, betri iko chini ya kiti ya mbele, so nikaambia mjane, "Pole mathe, shuka kidogo nicheki hapo." Akashuka, akasimama kando, picha mkononi.

Betri ilikuwa na nguvu. Nikaingia chini ya gari na balbu yangu ya waya mbili ya kupimia stima, nikaigusisha waya nyembamba ya stata. "Geuza!" Dereva akageuza. Balbu giza. Kumbe stima inapotelea njiani. Nikafungua kava ya usukani, nikapima nyuma ya swichi ya ufunguo. Stima inaingia. Dereva akigeuza, haitoki. Swichi ilikuwa imekufa ndani. Nikaunganisha hizo waya mbili na mkono, van ikanguruma.

Watu wakapiga nduru.

"Mmeona?" kaka akapaza sauti. "Ameshuka tu, ndugu yangu amekubali!"

"Zii, mzee! Ni swichi. Kuja uone."

Hakukuja. Alikuwa ashakaa kwa kiti ya mjane na kufunga mlango.

"Waambie, kijana," mjane akasema. "Waambie vile umepata."

Nikawaambia tena, nikiinua balbu juu kama mtu anauza mayai boilo. Dereva aliogopa injini itazima, akaingiza gia, akatoka. Basi ikamfuata, mlango imefungwa. Mjane alikimbia hatua chache akiipigapiga na mkono, halafu akasimama kwa vumbi.

Nikakusanya vyombo zangu. Akarudi, akaangalia ile balbu kwa mkono yangu.

"Kijana," akaniuliza pole pole, "una uhakika ilikuwa swichi?"