Suruali za Fundi Bomba

Wateja walimwita Bi Sindano, na wala si kwa sababu ya kushona peke yake. Ulimi wake nao ulichoma. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili zinazotazamana, na kwenye ile ya pili alikaa Mama Kengele, rafiki yake wa miaka mingi. Siku za kazi walishona pamoja. Jumapili walisimama bega kwa bega kwenye kwaya. Watu walitania kwamba hao wawili hata chafya wanapiga kwa zamu.

Mume wa Bi Sindano alikuwa fundi bomba, mtu wa kitambi na mizaha. Alipoanza kukonda usoni alisema ni kazi ya kupanda ngazi. Mkewe akamtazama kiunoni, akaona suruali zinamkaa vilevile kama zamani, akatulia. Fundi nguo huamini kiuno kuliko uso. Maskini, hilo ndilo lililomponza.

Siku moja mume akaanguka kazini, na haikupita wiki akafariki. Daktari aliuliza, "Mama, mtu amekonda hivi, nyumbani hamkuona?"

"Suruali zilimkaa," alijibu. Daktari akamtazama kwa huruma.

Kaburini aliimba na kwaya. Waliolia aliwatuliza yeye, akiwaambia, "Tutaonana naye." Hakuwa anajikaza. Aliamini, na imani ile ilimshika asianguke.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, shemeji yake alikuja kuchukua nguo za marehemu. Walikuwa na umbo moja, yeye na kaka yake. Alijaribu suruali ya kwanza, haikufunga. Ya pili hivyo hivyo.

"Shemeji, nadhani kaka alizipunguza."

"Nyumba hii hakuna anayepunguza suruali ila mimi."

Lakini alizigeuza ndani nje. Mshono wa nyuma ulikuwa umeingizwa ndani, suruali zote nne, na kila mwisho wa mshono umefungwa kifundo kidogo. Duniani alimjua fundi mmoja tu wa vifundo vile. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako.

Akazibeba mpaka chumba cha kazi, akazitupa juu ya cherehani ya pili. "Hii ni kazi ya nani?"

Mama Kengele akavua miwani. "Yangu."

"Ulijua anaumwa."

"Nilijua, dada. Aliniapisha. Alisema ukijua utaacha kuimba nyumbani, naye alitaka akusikie mpaka mwisho."

"Kwa hiyo yeye alipata wimbo. Mimi nimepata nini? Ningemkaripia anywe uji. Ningemwogesha. Ningemuaga. Mmeniibia, wewe na yeye. Miezi yote hiyo umekaa hapo mbele yangu unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mchana unakula chakula changu."

Mama Kengele alikusanya vitu vyake, na mlangoni akageuka. "Kitambaa sikukikata. Nilitaka kukata, akanikataza. 'Kunja tu, kiuno hiki kitarudi.' Nikamuuliza, kwani daktari kasema utapona? Akacheka. Akasema, 'Nisipopona, nitafufuka.'"

"Toka," alisema Bi Sindano.

Asubuhi ya Pasaka alikwenda kanisani bila joho la kwaya. Alikaa benchi la nyuma, mikono kifuani, moyo unamchemka. Mchungaji aliposema Kristo amefufuka, kanisa zima likaitikia kasoro yeye. Alikuwa anamfikiria mumewe. Yule mwongo. Siku ya mwisho naye atafufuka, si ndiyo? Tena atafufuka mzima, na kitambi chake, na mimi nitakuwepo. Atajificha wapi? Akamwona kabisa, amesimama na lile tabasamu lake la kuomba msamaha kabla hajashtakiwa, na yeye mbele yake na suruali mkononi: haya, nieleze.

Akacheka kwa sauti. Mzee wa kanisa akageuka kumtazama, naye hakuweza kuacha, machozi yanamtiririka huku anacheka. Hasira ilikuwepo palepale, haikupungua hata chembe. Lakini mtu aliyekwisha kabisa humkasirikii hivyo. Huyu unamngoja. Furaha hiyo hakuipata hata siku ya kaburini alipoimba vizuri kuliko wote.

Baada ya ibada alimkuta Mama Kengele uani, peke yake, joho mkononi.

"Njoo kazini. Na miwani yako."

Walifungua chumba, wakatandaza suruali mezani. Bi Sindano akachukua wembe. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Vizuri. Shika huku."

Mama Kengele akashika, na mwenzake akakata vifundo kimoja kimoja. Kitambaa kilichokunjwa kikatoka, rangi yake bado mpya kwa kutoguswa na jua. Walishona viuno upya bila kuongea sana. Suruali tatu wakazikunja kwa ajili ya shemeji. Ya nne, ile ya kanisani, Bi Sindano aliipiga pasi, akaitundika kwenye msumari juu ya cherehani yake.

"Na hiyo je?" aliuliza Mama Kengele.

"Hiyo ina mwenyewe."