Anamfinyanga Kaisari asiyemjua, kabla trakta haijafika

Saa moja kasorobo asubuhi, Ijumaa. Ukungu wa Julai haujainuka Riruta, na Veronicah Namalwa amepiga magoti mbele ya kalibu ya plasta iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Anaigonga ubavuni kwa kipande cha mti, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Anasikiliza. Anagonga tena.

Ndani ya kalibu hiyo kuna kichwa cha mtawala wa Roma ya kale, ukubwa wa mtungi wa lita ishirini. Ni saruji tupu na chuma kimoja katikati. Kimekaa humo siku nne.

"Cha kwanza nilifungua baada ya siku mbili," anasema bila kuinua macho. "Pua ikabaki ndani. Hii baridi, saruji haishiki haraka. Nikiharibu hiki, sina siku zingine."

Kweli hana. Jumatatu, ukanda huu wa udongo kando ya barabara inayoingia Satellite kutoka Naivasha Road unasafishwa kwa trakta. Wiki tatu zilizopita alikuja afisa wa kaunti mwenye daftari, akaandika majina ya wachuuzi wote, kisha akapiga alama nyekundu ya X juu ya kila kitu: vibanda, mabanda ya miche, hata vyungu vya maua ambavyo havikuwa vimekauka.

Namalwa ana miaka ishirini na mitatu, na kalibu arubaini. Chumba anachoishi na baba yake kinatosha vitanda viwili na jiko. Tumaini lake limebaki kwa mtu mmoja: Bwana Thuo, anayemalizia ghorofa ya kupangisha hatua mia mbili kutoka hapa. Thuo alimwambia hivi: amtengenezee kichwa cha Kaisari cha kuweka juu ya nguzo ya geti, na kikimpendeza, atampa pembe ya ploti ahamishie kazi yake. Atakuja kukiangalia leo kabla ya saa nne.

Kazi hii aliianzisha baba yake, Lazarus, fundi aliyetoka Bungoma akiwa kijana na kukaa kando ya barabara hii miaka ishirini na mitano. Namalwa alizaliwa hapa hapa Riruta. Alikuwa darasa la sita mgongo wa baba yake ulipokataa kubeba, akaacha shule ili ashike koleo.

"Watu walinionea huruma," anasema. "Lakini mimi darasani nilikuwa naogopa hata kuitwa jina. Chungu hakikuulizi kitu."

Chungu cha wastani huuzwa kwa shilingi mia tatu na hamsini. Wiki nzuri, baada ya kununua saruji na mchanga, hubakiwa na shilingi elfu nne hivi. Wiki ya mvua huenda nyumbani na mboga ya sukuma na unga, na siku nyingine unga peke yake.

Amewahi kutengeneza simba, tai, na bata wawili alioagizwa na mama mmoja wa Adams Arcade. Uso wa binadamu hakuwahi kuugusa. Thuo alipomwagiza, alimwonyesha picha kwenye simu, kisha simu ikaita na picha ikapotea. Namalwa aliona majani kichwani na kidevu. Basi.

"Nilishindwa kumwambia arudishe. Niliona aibu. Nikasema sawa, nimeona."

Hivyo akaanza kumtafuta mtawala huyo mwenyewe, na akagundua jambo ambalo hakuwahi kuliwazia: yuko kila mahali, ila hakai popote. Yuko ukutani kwa kinyozi, mtindo nambari tisa, nywele fupi zilizolazwa mbele. Yuko kwenye tangazo la kamari lililobandikwa nguzo ya stima, kidole gumba juu. Katika gemu anayocheza mtoto wa Nyawira, mama wa chipsi wa ng'ambo ya barabara, anatokea sekunde mbili, ananyoosha mkono, watu wanakufa. Msanii mmoja wa mtaani anajiita Kaisari wa Kawangware katika mstari mmoja wa wimbo, halafu anaendelea kuimba habari za viatu. Na mwanamume mmoja wa vichekesho vya simu huitwa na mkewe Nero, yule Kaisari anayesemwa alipiga muziki Roma ikiungua, kila anapokaa kitako huku chakula kinaungua.

Namalwa aliwachora wote kwa penseli kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Hakuna wawili waliofanana pua.

"Sijui huyo mtu alikula nini, ama alikufa na nini," anasema. "Namjua tu vile unamjua mtu anayepita hapa kila siku na hakusalimii."

Anachokijua kwa moyo ni kile alichofunzwa shule ya Jumapili, hadithi ya Krismasi: kwamba alikuwepo mtawala mbali sana, akatoa amri watu wote waandikwe, na mwanamke mjamzito akalazimika kufunga safari. Ndicho alichofikiria jioni hizo alipokuwa akifinyanga sura ya udongo ya kutolea kalibu, miguuni pa kitanda cha baba yake. Mtu akisema neno, wengine wanahama. Mtu kama huyo ana uso gani?

Taji lilimsumbua pia. Majani aliyoyaona pichani hakuyajua, akachuma ya mti wa parachichi wa jirani, akayakandamiza kwenye udongo mbichi moja moja. Akayashusha hadi mashavuni.

Sasa kalibu inaachia. Namalwa anafungua mpira, anaingiza ncha ya kisu kwenye mshono, anapumua. Upande wa kushoto unatoka. Kidevu. Mdomo uliobanwa. Anafunga macho na kuvuta upande wa kulia.

Pua ipo.

Anaketi chini, chini kabisa, kwenye kokoto, na kucheka kwa sauti ndogo. Mzee Kiilu, jirani yake anayeuza miche, anakuja akijifuta mikono. Anakizunguka kichwa. Anakohoa.

"Namalwa, msichana wangu. Huyu unamjua?"

"Ni Kaisari, mzee."

"Kaisari gani. Angalia hiyo pua ilivyopinda. Angalia huo mkunjo wa hapa katikati ya macho." Anashusha sauti. "Huyu ni yule wa daftari."

Namalwa anaangalia. Kicheko kinamwishia. Kile kichwa cha kwanza hakikuwa na pua, kwa hiyo hakikufanana na mtu yeyote. Na baba yake, aliyeuona udongo kila jioni, hajawahi kumwona afisa huyo. Mikono ya Namalwa ilitafuta mtu anayeamuru, ikamleta yule iliyemjua.

"Sikukusudia," anasema. "Haki ya Mungu sikukusudia, mzee."

"Najua. Lakini leo si ndiyo anakuja kuhesabu mara ya mwisho?"

Nyawira, aliyevuka barabara na sufuria yake mkononi kuja kuona, anaangua kicheko. "Wee, umemfanya afisa wetu Kaisari! Muulize kama atatununulia chipsi."

"Usicheke, dada. Akijiona hapa atasema namdharau. Atazibeba hata hizi kalibu leo leo."

Kiilu anashauri wakibebe kichwa wakifiche nyuma ya miche. Haiwezekani. Saruji ya siku nne ikisukumwasukumwa hupasuka shingoni, na Namalwa anakijua hicho chuma cha ndani. Ni kifupi, alikosa pesa ya kirefu. Anachukua gunia, analoweka kwenye ndoo, na kukifunika. Kwa fundi wa saruji hilo si jambo la ajabu. Kazi mpya hufunikwa gunia lenye maji ili isikauke vibaya.

Saa tatu na robo afisa anafika, koti la mvua, daftari kwapani. Anaanza mwisho wa mstari. Anataja jina, anaangalia, anatia tiki. Namalwa anamwagilia vyungu ambavyo havihitaji maji.

"Veronicah Namalwa."

"Niko."

"Hii gunia ina nini?"

"Ni kazi ya mtu, mzee. Bado ni mbichi."

Analiinua gunia kwa ncha ya kalamu. Nyawira, ng'ambo, anaacha kukata viazi. Afisa anainama. Anakaa hivyo muda mrefu, uso kwa uso na uso wake, na Namalwa anasema baadaye kwamba alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye gunia, tone kwa tone, na akayahesabu hadi kumi na moja.

"Nani huyu?"

"Kaisari." Kisha anaongeza, "Wa kwenye hadithi ya Krismasi."

"Anafanana na marehemu baba yangu," anasema afisa. "Hii pua. Hata vile amenuna." Anaigusa kwa kidole. "Mbona hana masikio?"

"Masikio huvunjika wakati wa kufungua kalibu, mzee. Sijui kuyatoa bado. Nikayafunika na majani."

Afisa anatoa sauti puani, nusu kicheko. "Baba pia alikuwa hivyo. Hakusikia mtu." Anarudisha gunia mahali pake, vizuri, anakunja hata pembe zake. Anatia tiki. "Jumatatu saa mbili trakta inafika. Nisikukute hapa, mama."

Anaenda kwa Kiilu.

Namalwa bado anamwagilia vyungu Thuo anapofika, saa nne kasoro dakika tano, viatu vyake vikiwa na vumbi la jengo. Gunia linaondolewa tena. Thuo anakizunguka kichwa mara mbili. Anakigonga kisogoni kwa kidole, kama anayechagua tikiti maji.

"Si kama ile nilikuonyesha."

"Hapana," anasema Namalwa. Sauti yake haivuki kokoto.

"Ile ilikuwa safi safi, kama msichana. Huyu anaonekana mtu amewahi kulala njaa." Anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja. "Ana hasira. Hasira iko sawa. Nataka mtu akifika getini ajue hapa kuna mwenyewe. Namchukua."

Anaongeza masharti papo hapo. Pembe ya ploti ni ile ya nyuma ya tangi la maji. Ni ya miezi sita tu, wapangaji wakijaa, wao wawili wataona la kufanya. Kalibu zote ziwe zimeingia kufikia Jumapili jioni, kwani Jumatatu mafundi wa geti wanafunga kazi. Na kwa nguzo ya pili ya geti anataka kichwa kingine kabla ya Septemba. Kikikosa kumpendeza, watazungumza upya.

"Tumeelewana?"

Siku nyingine, Namalwa anasema, angejibu sawa na kuinamisha kichwa. Leo anaokota karatasi ya mfuko wa saruji, anaipangusa kwenye sketi, na kuinyoosha mbele ya Thuo.

"Naomba uandike, Bwana Thuo."

"Niandike nini?"

"Jina langu. Na miezi sita."

Thuo anamtazama Kiilu, kama anayeuliza msichana huyu ametoka wapi. Kisha anatoa kalamu. Anaandika akiegemea taji la majani ya parachichi, kwa kuwa hapana meza.

Mchana huu Namalwa anapanga safari za toroli. Kalibu arubaini, sita kwa safari moja, na mawingu juu ya Dagoretti hayapendezi. Plasta ikinyeshewa haifai tena. Kiilu, ambaye hakuna aliyempa pembe ya ploti, ameahidi kumsukumia. Miche yake haijapata pa kwenda bado. Namalwa hakumwuliza Thuo kama pembe ya nyuma ya tangi inatosha watu wawili. Anasema atauliza Jumapili, karatasi ikiwa mkononi.

Kuhusu kichwa cha pili, tayari ameanza. Juu ya ndoo iliyopinduliwa kuna bonge dogo la udongo, ukubwa wa yai, nalo halina pua wala macho. Lina mikunjo mitatu na tundu. Hili ni la tano tangu Thuo aondoke, manne ya kwanza yote yalikatika.

"Nimekuwa nikimwangalia baba akilala, vile yamekaa," anasema, akilizungusha kwenye mwanga. "Huyu wa pili sijui atakuwa nani. Lakini naanza na masikio."