Pacha wa Ng'ombe wa Mgogoni

Silima wa Mgogoni alianza kutibu ndama kwa sababu alichoka kununua ndama wanaomfia. Alikuwa dalali wa ng'ombe, na hakuna aliyemfundisha. Kila ndama dhaifu aliyechinjwa alimpasua mwenyewe, akatazama moyo, mapafu na matumbo. Kufika mwaka wa hamsini na tisa alikuwa akimlaza ndama ubavu, anatega sikio nyuma ya kiwiko cha kushoto, na akisikia mvumo kama maji yapitayo kwenye mwanzi, humwambia mwenye ndama, "Moyo huu una tundu. Mchinje angali na nyama." Dawa ya moyo hakuwa nayo wala hakujidai. Kazi yake ilikuwa miguu na vitovu.

Mwaka huo ng'ombe aliyekuwa kwa Bi Mwanabaraka alizaa pacha. Ng'ombe alikuwa wa Khatib, mtu wa Tibirinzi. Bi Mwanabaraka, mjane, alimfuga kwa mapatano yaliyozoeleka: watoto hugawanywa sawa, na mwenye ng'ombe huchagua mwanzo. Miaka mitatu alikuwa akimkatia majani, na hajapata mnyama hata mmoja wa kumwita wake.

Jike alisimama siku ile ile, mzuri wa kutazamwa. Dume miguu yake ya mbele ilijikunja kwa ndani, akawa anatambaa kwa vifundo, kiwele cha mama hakifikii. Khatib akamwita Silima awakague kabla hajachagua.

Silima akawasikiliza wote wawili. Mioyo mizima. Kisha akasema, "Jike aliyekaa tumbo moja na dume hazai. Nimepasua wanne wa namna hii, kizazi hakikukua. Ukitaka uzao, Khatib, huyu si wako."

Khatib akacheka. Amemjua Silima miaka ishirini, mtu wa kumponda mnyama anayemtaka ili ampate rahisi. "Yakhe, weye ukimtukana ng'ombe, mie najua ni mzuri." Akachukua jike. Silima hakurudia, neno asilolipwa alikuwa akilisema mara moja.

Bi Mwanabaraka akabaki na kilema. Jirani walimwambia achinje. Silima akamwambia miguu inaweza kunyooka, ila hakumgusa ndama kwanza mpaka wapatane: akisimama, atakapokua amvutie gari lake misimu miwili ya karafuu. Akifa, hapana kudaiana.

"Miwili mingi," Bi Mwanabaraka akasema. "Mmoja. Na siku za kazi chakula chake juu yako."

Silima alimtazama vizuri, kama aliyekutana naye leo. Akakubali.

Akaanza na dang'a, maziwa yale mazito ya mwanzo, akamnywesha ndama kwa chupa. Miguu akaikanda kwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, akaivuta kidogo kidogo, akaizungushia sufi, halafu mabanzi ya mwanzi. Hakufunga kwa kamba ya makumbi, maana inakata. Alifunga kwa vipande vya kanga kuukuu. Kila asubuhi alifungua, akanusa, akafunga upya. Siku ya nne akakuta kidonda juu ya kwato. Mabanzi yalikuwa marefu mno, kosa lake mwenyewe. Akayapunguza, akapaka asali. Bi Mwanabaraka alikuwa akimwinua ndama kwa gunia lililopitishwa chini ya tumbo, mpaka mikono ikafa ganzi.

Siku ya kumi na moja ndama alikanyaga kwa kwato, akitetemeka. Gunia likalegezwa. Hakuanguka. Akapiga hatua tatu, akanyonya.

Miaka miwili na nusu baadaye, jike wa Khatib alikuwa amepandishwa kwa madume watatu bila kushika mimba. Khatib akaja Mgogoni, kwanza kwa Silima.

"Uliniambia kama dalali," akalalamika.

"Mie n'dalali, Khatib. Ulitaka nikwambie kama nani?"

Ndipo akaenda kwa Bi Mwanabaraka. Alimkuta uani na fahali mpana wa kifua, miguu imenyooka. Akasema wabadilishane, na juu yake atamwongezea mbuzi wawili. Bi Mwanabaraka akauliza kama mbuzi wana afya, akauliza wana umri gani, akamwacha aeleze mpaka amalize.

"Ulichagua mwanzo, Khatib," akasema. "Huyu wangu." Akamfungua fahali, akampeleka kunywa maji.