Uji wa Kuku wa Utafiti

Leo hapa Lodwar nimefungua gunia la chakula cha kuku, na harufu tamu ya maganda ya mti wa mathenge, yaliyosagwa, imeninyima utulivu.

Nilipokuwa mtoto kule Kakuma, mtafiti alimwachia mama vifaranga wa broila wa kulishwa maganda hayo. Walidhoofu. Nikawapa uji wangu kwa siri, jinsi nyanya alivyomlisha mwanambuzi aliyebaki nyuma ya kundi. Wakanenepa.

“Ejok! Vizuri! Hii mathenge inafanya kazi,” mtafiti akasema, macho kwenye mizani.

Mama akafurahi, akawamwagia kuku wake wote mathenge tupu. Nikaficha mikono mgongoni, vidole vikinata kwa uji. Kuku wa mama, bila uji, walidhoofu.

Siku hizi mpimaji ni mimi. Kabla sijamshika kuku, naomba kwanza kuona mikono ya watoto.