Wagonjwa Kumi na Tisa wa Ragnhild

Ragnhild Overgaard aliendesha basi la vitabu vya maktaba katika kisiwa cha Mors kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kuchelewa kituo hata kimoja, theluji ije isije. Saa nne kasorobo shuleni, saa tano na nusu kwenye duka la ushirika, saa saba kwenye nyumba ya wazee. Kuna watu waliosahihisha saa zao kwa honi yake. Nayatanguliza haya ili msomaji asije akamdhania kuwa mtu wa kesho-kesho. Ni katika jambo moja tu la maisha yake ambapo hakuna kinachofika kituoni, nalo ni kudarizi.

Hudarizi kwa misalaba, kama wenzake wote wa rika lake kijijini: nyuzi mbili zinapitana na kufanya msalaba mdogo kama punje ya ulezi, kisha mwingine ubavuni pake, maelfu kwa maelfu, kila mmoja umehesabiwa kwanza kwenye karatasi ya vijumba kabla ya sindano kugusa kitani. Nimekaa na washona kofia wa Lamu, na subira ni ileile, ila kofia ya Lamu ina kichwa kinachoisubiri. Vitambaa vya Ragnhild havikusubiriwa na yeyote. Nilipokuwa nimepanga chumba chake cha juu, siku moja nilifungua mtoto wa meza nikitafuta taulo, nikakutana na nusu ya mnara wa taa, kundi la bata wasio na vichwa, na kanisa lenye paa lisilo na kuta.

"Usiwaamshe," alisema mlangoni. "Wamelala."

Klabu yao hukutana kila Jumanne alasiri kwenye ukumbi wa kijiji, wanawake wanane, kahawa na maandazi ya siagi. Jumanne ya kwanza ya Januari wanaiita siku ya kuwatazama wagonjwa. Kila mmoja huja na kazi zake zote zilizokwama, akazipanga mezani mbele ya wenzake, hata zile za aibu. Kisha hutolewa hukumu. Hujiwekei lengo mwenyewe, kwa sababu kila mtu ana huruma na nafsi yake. Lengo lako la mwaka huwekwa na mwenzako aliyekaa kuliani kwako. Yeye huchagua mgonjwa mmoja, akaandika kwenye kikaratasi nyuzi ngapi kwa siku, na kikaratasi hutiwa kwenye kopo la biskuti mpaka Desemba. Uzi mmoja ni dhiraa moja, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko.

Januari ile Ragnhild alipanga wagonjwa kumi na tisa. Na kuliani kwake alikaa Tove.

Tove alikuwa mkunga kabla ya kustaafu. Amezalisha nusu ya kisiwa, na husema na watu wazima kama mtu aliyewaona bila nguo. Alivipitia vitambaa kimoja kimoja, akivigeuza. Ndiyo desturi yao: kabla hujasifu kazi ya mwenzako, unaigeuza uone mgongo wake, maana mbele kunadanganya na nyuma hakudanganyi. Alipofika kwenye kitambaa kirefu chekundu na cheupe, akasimama.

"Hii nini?"

"Kalenda ya Krismasi," Ragnhild alisema. "Ya Alberte."

"Ya Alberte! Ulianza lini?"

"Miaka minane sasa."

"Shoga, hata tembo huzaa kwa miaka miwili." Meza nzima ikacheka. Tove hakucheka. Akaandika: nyuzi nne kwa siku, isipokuwa Jumapili. Kisha chini yake: marufuku kufumua bila ruhusa yangu.

Kalenda hizo ni kitambaa cha kuning'iniza ukutani, chenye picha ya vijitu vya kofia nyekundu na pete ndogo ishirini na nne zilizoshonewa, kila pete na nambari yake. Kila siku ya Desemba hadi Krismasi mtoto hufungua kifurushi kimoja kilichofungwa kwenye pete. Juu kabisa, kati ya misonobari miwili, bibi hudarizi herufi mbili: ya jina la mtoto na ya jina la ukoo. Ragnhild ana wajukuu watano, na kalenda nne ndizo kazi pekee alizowahi kuzimaliza maishani. Ya Villads aliimaliza kabla mtoto hajaota jino.

Alberte ni dada wa Villads kwa mama. Jeppe, mwana wa Ragnhild, alipomwoa Malene, mama yao, Alberte alikuja naye akiwa na miaka mitatu, na buti za mvua za manjano ambazo hakukubali kuvuliwa hata mezani. Ragnhild alinunua kitani wiki ileile. Sasa msichana alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa miaka mingi, kwenye ukuta mmoja wa ukumbini kwao, Villads alikuwa na kalenda yake na Alberte alikuwa na kamba na vibanio vya nguo.

Desemba iliyopita Ragnhild alipeleka biskuti, akamkuta Alberte akimwonyesha rafiki yake ukuta ule. "Hii ya Villads," alisema. "Mimi sina. Bibi yetu huwashonea waliozaliwa huku." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza basi linapita saa ngapi. Ragnhild aliweka biskuti jikoni, akarudi kwenye gari lake, akakaa humo kwa muda kabla ya kuwasha. Aliniambia hayo mwenyewe huku akimenya viazi, akivichubua mpaka vikabaki vidogo kama karanga.

Basi alianza. Kila asubuhi baada ya kahawa nyuzi nne, dirishani, miwani juu ya miwani. Machi aliteleza: ndege wale vitwitwi walirudi mashambani, naye akashikwa na hamu ya kudarizi kitwitwi kwenye mto. Tove aliukuta mto ule chini ya gazeti.

"Na huyu nani?"

"Kitwitwi."

"Naona kitwitwi. Nauliza amefikaje hapa."

"Ameruka," Ragnhild alisema, na kitwitwi akatwaliwa, akafungiwa kabatini kwa Tove mpaka mwisho wa mwaka.

Vijitu vilipata miguu, nambari zikapanda, saba, kumi na moja, kumi na nane. Kila Jumanne kitambaa kililetwa ukumbini kikageuzwa, na mgongo wake ulikuwa safi mno hata Gerda, ambaye hamsifu mtu, alisema, "Hm." Lakini sehemu ya juu kabisa Ragnhild aliikunja na kuibana kwa pini. Isishike vumbi, alisema. Mwisho wa Septemba pete zote ishirini na nne zilikuwa zimeshonwa na misonobari yote miwili imesimama. Zilibaki herufi mbili tu, kazi ya siku mbili.

Oktoba ikaisha.

"Umefika wapi?" Tove aliuliza Jumanne ya kwanza ya Novemba.

"Naendelea."

"Na wiki jana ulikuwa unaendelea. Hizo nyuzi nne kwa siku unakula na siagi?"

"Macho, Tove. Giza linaingia mapema."

Tove alivuta kitambaa, akatoa pini moja baada ya nyingine, akakunjua. Kati ya misonobari ilisimama A nyekundu, nzuri. Baada yake palikuwa patupu. Kisha akageuza.

Nyuma, pale palipokuwa patupu mbele, kitani kilikuwa kimechakaa, kimeota manyoya kama kiwiko cha sweta kuukuu. Vipande vya uzi mwekundu vilikuwa vimenasa humo. Ukikiinua dirishani ungeona matundu ya sindano, duara moja, na ndani ya duara kijiti kilichosimama na mguu wake. Wote wanane wanajua kusoma mgongo wa kitambaa.

"Umeshona O ukafumua," Tove alisema polepole. "Ukashona L ukafumua. Mara ngapi?"

Ragnhild alikuwa anaokota makombo mezani kwa kidole. "Sijahesabu."

"Wewe? Hujahesabu?"

"Nikiweka O, namnyang'anya baba yake mzazi. Lindholt yule ni mtu mzima yuko hai, ana haki yake. Nikiweka L, namwambia mtoto kila Desemba kwamba si wetu. Na nikikosea, Tove, itakaa ukutani miaka yote."

"Kwa hiyo umemwacha na kamba."

"Kwa hiyo nimemwacha na kamba."

Huko nyuma nilikuwa nikiamini kwamba watu wa kisiwa kile hawaulizani mambo ya ndani kwa sababu ya ubaridi. Sivyo. Huogopa tu kumwaga kikombe cha mwenzao. Ragnhild angeweza kumuuliza Jeppe kwa simu katika dakika moja, naye alipendelea kufumua kwa miaka minane.

Tove alifungua kopo la biskuti, akatafuta kikaratasi cha Januari, akafuta zile nyuzi nne. Akaandika upya, akamsogezea. Kikaratasi kilisema: wiki hii, nyuzi sifuri, swali moja.

"Hilo si lengo," Ragnhild alisema.

"Nimekaa kuliani kwako. Ni lengo."

Alikwenda kwa Jeppe Alhamisi, baada ya shule, saa aliyojua Alberte yuko jikoni peke yake. Alimkuta akila mkate mweusi na maini ya kusaga, daftari la hesabu wazi pembeni. Alikaa bila kuvua koti.

"Alberte, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Kuhusu kalenda?"

Ragnhild alishtuka. "Nani amekwambia kuna kalenda?"

"Villads. Alichungulia kabati lako Pasaka." Alimeza. "Alisema iko mpaka namba tisa. Nilidhani umeghairi."

"Sijaghairi. Sijui tu niandike nini." Na akalitoa swali lote kwa mkupuo mmoja, Lindholt na Overgaard, L na O, kama mtu anayerudisha chenji ambayo si yake.

Alberte alifunga daftari na kuligeuza ili jalada lielekee kwa bibi yake. Palikuwa na jina kwa wino wa buluu: Alberte Lindholt Overgaard.

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la kwanza. Mama na Jeppe walijaza fomu. Hukujua?"

Hakujua. Wenyewe walidhani anajua, na yeye kadi zote za siku ya kuzaliwa alikuwa ameandika Alberte tu, na namba ya nyumba.

"Bibi, unalia kwenye maini yangu."

"Silii. Nahesabu," Ragnhild alisema, na kweli alikuwa anahesabu. A inakula misalaba saba kwa upana, L mitano, O sita, na nafasi ya miwili miwili katikati. Ishirini na miwili. Kati ya msonobari na msonobari palikuwa na nafasi ya kumi na tisa tu.

Jumanne alisimama mbele ya meza ya klabu na kitambaa mkononi. "Naomba ruhusa ya kufumua."

"Nini?" Tove aliuliza.

"Msonobari wa kulia."

"Wote?"

"Wote. Herufi ni tatu."

Tove alivaa miwani yake, akaitazama ile nafasi, akaitazama ile karatasi ya vijumba, akahesabu mwenyewe kwa ncha ya sindano. "Fumua," alisema, akampa mkasi wake mdogo wa ukunga, ambao hakuna aliyewahi kuushika. L ilikaa juu ya manyoya, O ikakaa mahali pa mti. Kutoka nyuma, kona ile ni fujo, na haitakuwa safi kamwe. Ragnhild aliileta ikageuzwa hivyohivyo.

Kalenda ilitundikwa tarehe ishirini na tisa Novemba, kando ya ile ya Villads. Asubuhi ya Desemba mosi simu ililia kabla kahawa haijachujwa. Alikuwa Villads, miaka saba, sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Bibi, kwa nini Alberte ana herufi tatu na mimi mbili?"

"Ana majina matatu."

"Na mimi nataka tatu."

"Wewe huna jina la katikati, kipenzi. Wewe una mti wa pili, yeye hana. Hesabu."

Villads akahesabu. Kisha akasikika akisema na mtu mbali na simu, na mtu yule akijibu, mdomo umejaa kitu cha kifurushi cha kwanza.

"Amesema nini?" Ragnhild aliuliza.

"Nimemwambia tubadilishane, mti kwa L," Villads alisema. "Amesema hampi mtu."