Moyo Uliofeli

Siku tuliyompeleka baba hospitali ya Kibiti naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa hadi kwetu Mbwera, na kila aliyejua Kiingereza cha kuombea maji tulimwona msomi. Msomi wetu alikuwa kaka yangu Shabani, aliyeishia kidato cha pili.

Baba alikuwa amevimba miguu, akitembea kidogo tu anahema. Daktari alikuwa Mzungu. Akampima, akasema "disorder", akasema "failure", akatupa vidonge. Sote tukamgeukia Shabani.

"Baba, mapigo yako yana fujo," akasema. "Na moyo umefeli."

Baba akawaka. "Fujo? Mimi mtu wa swala tano, fujo nimezitoa wapi?"

Hilo la fujo lilituchekesha kidogo. La kufeli ndilo lililotumaliza. Wakati ule mtoto akifeli darasa la saba ndiyo basi tena, ashike jembe au akavue kamba. Sasa moyo ukishafeli, vidonge vya nini? Tukamrudisha nyumbani, vidonge tukavitupa juu ya kabati. Mimi nilichanganyikiwa, mwanangu. Mtu anaongea, anadai chai yake, na huku tumeambiwa moyo umefeli! Sikujua nimpikie uji au nikae nilie. Nikalia. Shangazi zangu wakaja, nao wakaangua kilio.

Muuguzi wa zahanati, mama mmoja mwenyeji wa Songea, akaja mbio kuuliza nani kafariki. Shabani akamweleza. Yule mama akashika kiuno.

"Kwani moyo umefanya mtihani? Umechoka, unasukuma damu kwa shida. Na mapigo hayaendi sawasawa, basi. Vidonge viko wapi?"

Baba alipoanza kuvimeza uvimbe ukapungua, akarudi hadi shambani kwake kwenye mpunga. Lakini siku moja aliniambia neno linaloniuma mpaka leo: "Nilikuwa chumbani nawasikia mnanililia. Nikaona aibu kuendelea kupumua."

Mpaka leo sijaelewa kwa nini Waingereza wanalitumia neno hilo moja, "failure", kwa moyo uliochoka, mashine iliyoharibika na mtoto aliyeanguka mtihani. Wewe ukiambiwa neno usilolijua, hasa la ugonjwa, uliza. Wakikucheka, uliza tena, kwa anayejua kweli. Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, mwanangu, na wazazi wako wasikusikie ukiwalilia wangali hai.